Kuongoza ligi si kufuzu: jibu kwa baba wa Portland anayefuatilia mabinti wa Maine

Swali limetoka kwa msomaji anayeishi Portland, Maine. "Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, huu ni mwaka wangu wa sita huku. Binti yangu ana miaka 13 na amenasa kwenye basketi. Msimu uliopita alinilazimisha tufuatilie timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Maine. Nimekulia kwenye Simba na Yanga, ligi naielewa: pointi tatu, sare, kushuka daraja. Hii yao siielewi. Novemba wanapigwa na vyuo vikubwa mpaka naona aibu, Januari wanashinda mfululizo, halafu Machi mechi moja tu, msimu umekwisha na mtoto analia ndani ya gari. Nifuatilie vipi ili nielewe ninachokiona? Na mtoto nimwambie nini?"

Ndugu yangu, kwanza pole, na mpe pole binti. Machozi ya ndani ya gari mwezi wa tatu ndiyo karo ya mchezo huu, na wanaolipa ni wengi kuliko wasiolipa.

Tatizo lako ni kwamba umeingia kwenye basketi ya vyuo na mizani ya Ligi Kuu Bara mkononi. Kwetu timu 16 zinacheza mechi 30, anayemaliza juu ndiye bingwa, mjadala umefungwa. Huku anayemaliza juu anapata kombe, makofi, na haki ya kucheza nyumbani wiki chache zinazofuata. Tiketi ya kwenda kwenye mashindano ya taifa anapewa anayeshinda mtoano wa siku chache mwanzoni mwa Machi. Ni kana kwamba Yanga waongoze ligi tangu Agosti mpaka Mei, halafu nafasi ya Ligi ya Mabingwa Afrika apewe aliyechukua Kombe la Mapinduzi. Najua hapo umeshaanza kucheka. Lakini hiyo ndiyo kanuni, na kila mtu anaijua kabla mpira haujarushwa juu mechi ya kwanza.

Neno konferensi lisikutishe. Ni umoja wa vyuo vilivyokubaliana kucheza ligi yao pamoja. Hakuna kupanda wala kushuka daraja. Chuo kinaingia na kutoka kwa makubaliano. Hii yenu, America East, ilianza 1979 ikiwa na jina jingine, na jina la sasa ililichukua 1996. Leo ina vyuo tisa: Maine, Vermont, New Hampshire, Albany, Binghamton, Bryant, UMass Lowell, NJIT na UMBC. Inaitwa ndogo kwa sababu pesa kubwa ya michezo ya vyuo vya Marekani inatokana na futiboli yao, ile ya kofia ngumu, na hapa hakuna chuo chenye uwanja wa kujaza watu laki moja kila Jumamosi.

Vyuo vikitoka, wanaoumia ni wachezaji. Stony Brook ya New York ilikuwa humo. Mwaka 2022 wakatangaza kuhamia konferensi nyingine, na papo hapo wakazuiwa kucheza mtoano wa America East wa msimu uleule. Mabinti ambao hawakusaini barua yoyote wakalipia uamuzi wa wakubwa. Kanuni ilikuwepo, imeandikwa, sawa. Mimi sikuipenda siku ile na siipendi leo.

Sasa hesabu ambayo ukiishika utaelewa machozi yanatoka wapi. Daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, lina timu za wanawake zaidi ya 350, zimegawanyika katika konferensi 31. Mwezi Machi zinaitwa timu 68 tu. Kila konferensi inapeleka bingwa wa mtoano wake, hao ni 31. Nafasi 37 zinazobaki hugawiwa na kamati, na kamati inatazama umemfunga nani, umemfungia wapi, na kwa kiasi gani. Tangu msimu wa 2020-21 kipimo chao kikuu kwa wanawake kinaitwa NET. Kipimo hicho kinampenda anayecheza na wakubwa kila wiki. Timu ya America East inacheza na wakubwa mara tatu nne kwa mwaka, tena ugenini. Hata ikishinda mechi 25, ikianguka kwenye mtoano wa konferensi karibu kila mara simu ya kamati haiji. Kwa hiyo mlango ni mmoja, na uko Machi.

Turudi Novemba, kwenye aibu yako. Ratiba ya msimu ni mechi kama 29. Kumi na sita ni za konferensi, yaani kila mpinzani nyumbani na ugenini. Zile nyingine, zinazochezwa kati ya Novemba na Krismasi, ni za mapatano. Chuo kikubwa kinataka mechi nyingi nyumbani kwake na hakina haja ya kurudisha ugeni, basi kinamwalika mdogo na kumlipa. Mdogo anapanda basi au ndege, anakula kipigo cha pointi 30, anarudi na hundi. Wenyewe wanaziita mechi za malipo bila kuona haya, kwa sababu hundi hiyo inasaidia kugharimia safari za Januari.

Usidhani kocha anakwenda kule kwa ajili ya hundi peke yake. Anakwenda kuona vitu ambavyo mazoezini haoni. Pointi gadi wake, yaani mpanga mchezo, wa mwaka wa kwanza akibanwa uwanja mzima na watu wenye miguu ya swala, atapitisha mpira au ataukabidhi? Senta wake akisukumana na mtu aliyemzidi kimo, atapata faulo mbili ndani ya dakika tano? Ukiwa pale na binti, ziba matokeo kwa kiganja na utazame robo ya tatu. Timu iliyokwisha kufungwa pointi 20 ikitoka mapumzikoni bado inarudi kulinda kwa mbio, hiyo ni timu ya Machi. Ikianza kutembea, kaa nayo kwa tahadhari.

Hili nalisema kwa aliyewahi kuumia. Msimu mmoja niliiacha timu fulani kabla ya Krismasi. Ilikuwa imepoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda, nikaona nina mambo bora ya kufanya jioni zangu. Machi nikafungua simu nikakuta picha yao wamekata wavu wa goli, wamevaa kofia za ubingwa. Sikuwa nimeona hata mechi yao moja ya Februari. Nilijihisi kama mtu aliyeondoka harusini kabla ya pilau.

Kabla hatujafika Januari, mambo mawili ya kanuni, maana najua kwenye televisheni unaona pia wanaume na vinakuchanganya. Wanaume wa vyuo wanacheza vipindi viwili vya dakika 20. Wanawake, tangu msimu wa 2015-16, wanacheza robo nne za dakika 10. Faulo za timu zinahesabiwa upya kila robo: ukifikisha ya tano, mpinzani anapata mitupo huru miwili. Ndiyo maana utaona kocha mwerevu, robo ikiwa imebakiwa na sekunde 40 na timu yake ina faulo tatu, anapiga kelele wamguse mpinzani makusudi. Bado ana moja ya bure, na robo ikiisha hesabu inafutwa. Mtoto wako wa miaka 13 atalielewa hili haraka kuliko wewe, mwache akufundishe.

Na jambo jingine la dakika ya mwisho ambalo huwafanya wageni wadhani wameibiwa. Robo ya nne ikiwa imebaki chini ya dakika moja, timu iliyofungwa kikapu ikiomba taimauti, yaani kusimamisha mchezo kwa muda mfupi, inaruhusiwa kuanzia mpira upande wa mbele, bila kuukimbiza uwanja mzima. Umeongoza kwa pointi mbili, zimebaki sekunde nne, unaona mpinzani yuko mbali mita 25, moyo umetulia. Taimauti. Wanarudi, na mpira unarushwa kutoka pembeni karibu na goli lako. Moyo unaanza upya. Ndiyo maana kocha mzoefu analala na taimauti yake moja mfukoni tangu robo ya tatu, na asiye mzoefu anazimaliza akigombana na mwamuzi.

Januari sasa. Mimi ukiniambia nichague mwezi mmoja wa basketi, siuchagui Machi kama watu wote, nauchagua huu. Mechi za konferensi kwa kawaida ni Alhamisi na Jumamosi. Timu inacheza Alhamisi usiku, Ijumaa iko ndani ya basi au kwenye ukumbi wa hoteli inasoma kwa ajili ya mtihani wa Jumatatu, Jumamosi mchana inacheza tena. Kutoka Orono waliko Maine mpaka Baltimore waliko UMBC ni zaidi ya kilomita 1,000. Fikiria Dar hadi Mwanza, ila kwa theluji. Ukiona mitupo ya pointi tatu ya Jumamosi inagonga chuma mbele, usimlaumu binti wa watu, laumu miguu. Mtupo unaopungukiwa ni wa miguu iliyochoka. Mtupo unaokwenda kushoto na kulia ndio wa mkono.

Utamu wa Januari na Februari ni kwamba kila timu inakutana na mwenzake mara mbili. Mara ya kwanza makocha wanapimana. Mara ya pili, wiki nne tano baadaye, kila mtu anajua mbinu ya mwenzake mpaka majina yake. Nimekaa nyuma ya benchi nikamsikia mlinzi akitaja kwa sauti mpango wa wapinzani kabla hawajauanza, na mchezeshaji wao akatabasamu, akabadilisha kwa kidole kimoja. Kwenye konferensi kubwa unaona vipaji. Kwenye hizi ndogo unaona watu wanaojuana kama majirani waliokaa ukuta mmoja miaka minne.

Nikushauri ushike daftari. Usijaze takwimu zote, mashine zinafanya hiyo kazi. Chora safu nne tu kwa kila timu: mpira uliopotezwa, ribaundi za kushambulia (mtupo umekosa, na timu iliyotupa ikaudaka mpira tena), mitupo huru iliyopatikana, na pointi tatu zilizoingia kwa zilizotupwa. Weka vijiti kama mama muuza maandazi anavyoweka madeni. Robo ikiisha, kabla hujatazama ubao wa matokeo, muulize binti: nani anaongoza? Mara nyingi atapatia kwa vile vijiti. Na siku atakayokosea ndiyo siku ya somo, maana utakuta timu imefanya kila kitu sawa na bado iko nyuma, kwa kuwa mpinzani ametupa mitupo tisa ya pointi tatu na saba zimeingia. Hiyo ni bahati, na wiki ijayo bahati hiyo haitakuwepo. Timu ya namna hiyo usiikatie tamaa.

Na pahala pa kukaa. Memorial Gym pale Orono ni ukumbi wa kale, mdogo, na wenyeji wameupa jina la Shimo. Mechi nyingine, hasa miaka ya nyuma, zimechezwa Bangor kwenye ukumbi mkubwa wa Cross Insurance Center, lakini mimi nakwambia nenda Shimoni. Unasikia viatu, unasikia kocha. Kocha Amy Vachon ni mzaliwa wa Augusta humo humo Maine, alikuwa pointi gadi wa chuo hicho mwishoni mwa miaka ya 1990, akaikaimu timu 2017 na hajaiachia. Mtazame anavyochuchumaa mbele ya benchi mchezaji wake akikosea pasi. Macho yanamfuata aliyepaswa kuipokea ile pasi; aliyeirusha wala hamtazami. Pointi gadi wa zamani anajua mpira ulipotea sekunde mbili kabla ya kupotea.

Mechi ambazo hamwezi kusafiri, nyingi huonyeshwa mtandaoni na kituo cha michezo cha ESPN. Picha si ya Kombe la Dunia, wakati mwingine kamera inachelewa kugeuka, lakini inatosha.

Halafu Machi. Timu nane za juu zinaingia mtoano: robo fainali, nusu fainali, fainali, na kila mechi inachezwa nyumbani kwa aliyemaliza nafasi ya juu zaidi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na America East wameligeuza kuwa kanuni. Hii ndiyo maana ya mechi zote 16 za konferensi. Hazikupi tiketi, zinakupa sakafu yako mwenyewe, watu wako, na usiku mmoja mdogo wa kulala kitandani kwako badala ya ndani ya basi. Kwa hiyo mwezi wa pili ukiona Maine na Vermont wanagombania nafasi ya kwanza kama wanagombania roho, wanagombania mahali fainali itakapochezwa.

Je, sakafu hiyo ina thamani gani? Fainali ya 2023 ilichezwa Burlington, nyumbani kwa Vermont, dhidi ya Albany. Matokeo: 38 kwa 36. Nayarudia ili usidhani ni kosa la uchapaji, hayo ni ya mechi nzima, robo zote nne. Vermont hawakuwa wameshika kombe hilo tangu 2010. Mtu aliyezoea vikapu vya NBA angeona ni mechi mbovu. Mimi niliona mabinti kumi wanakataa kufa. Kila kikapu kiling'olewa kama jino. Ingechezwa Albany, sijui kama zile pointi mbili zingebaki upande uleule.

Ila sakafu haimlindi mtu kwa kila kitu. Mwaka 2020 Stony Brook walikuwa na ushindi 28 na vipigo 3, fainali nyumbani kwao dhidi ya Maine imepangwa Ijumaa tarehe 13 Machi. Alhamisi tarehe 12 kila kitu kikafutwa kwa sababu ya korona, fainali na mashindano ya taifa kwa pamoja. Wale wa mwaka wa nne walivua jezi bila kufungwa na mtu. Mwaka uliofuata timu hizo hizo zikakutana tena fainali na Stony Brook wakashinda, lakini wale wa mwaka wa nne walikuwa wameshaondoka. Binti yako akilia tena, unaweza kumsimulia hao. Kufungwa ni kubaya. Kuna kubaya zaidi.

Ukishinda fainali, unakwenda wapi? Mara nyingi machinjioni. Timu zinapangwa kwa namba kuanzia 1 hadi 16 katika kila kanda ya jedwali, na bingwa wa konferensi ndogo hupewa 13, 14, 15. Halafu, kwa wanawake, timu 16 bora za nchi ndizo huandaa raundi mbili za mwanzo nyumbani kwao, tofauti na wanaume wanaochezea viwanja vya kati. Maana yake namba 15 anakwenda kuchezea sebuleni kwa namba 2. Vermont 2023 walikwenda kwa UConn: 95 kwa 52. Maine 2024 kwa Ohio State: 80 kwa 57. Vermont tena 2025 kwa NC State: 75 kwa 55. Mimi naona mpangilio huu unawanyima mabinti wa vyuo vidogo nafasi ya kushangaza dunia, ingawa naelewa hoja ya wenye kutaka viti vijae.

Hata hivyo kuna siku. Maine wenyewe, 1999, waliwatoa Stanford 60 kwa 58, na Vachon alikuwemo uwanjani. Vermont 2010 waliwafunga Wisconsin 64 kwa 55. Albany 2016, wakiongozwa na Shereesha Richards, binti wa Jamaika aliyekuwa mchezaji bora wa America East miaka mitatu mfululizo, waliwafunga Florida 61 kwa 59. Na kutoka konferensi nyingine ndogo, Ivy League, Harvard 1998 walikwenda Stanford wakiwa namba 16 dhidi ya namba 1, wakashinda 71 kwa 67. Allison Feaster alifunga 35. Watu wakikwambia UMBC ndio walioanza maajabu ya namba 16, waambie hao ni wanaume, mwaka 2018. Wanawake walitangulia kwa miaka 20.

Kuna kitu kipya pia. Kuanzia 2025, timu za wanawake zinazoingia mashindano ya taifa zinaiingizia konferensi yake pesa, jambo ambalo kwa wanaume limekuwepo miongo mingi. Mfuko wa mwaka wa kwanza ulikuwa dola milioni 15 kwa ujumla. Si utajiri kwa vyuo vikubwa, ila kwa umoja wa vyuo tisa vinavyosafiri kwa basi, hata fungu dogo linaonekana.

Linaloniumiza kichwa ni uhamisho. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza mara moja bila kukaa nje mwaka, na siku hizi anaweza kurudia. Ukichanganya na malipo ambayo wachezaji sasa wanaruhusiwa kupokea, unajua kinachofuata: chuo kidogo kinamkuza binti miaka miwili, akifunga pointi 18 kwa mechi, Aprili wakubwa wanapiga hodi. Sitamlaumu binti, na mimi ningekwenda. Lakini zamani raha ya kufuatilia Orono ilikuwa kumwona mtu akifika hajui kulinda na kuondoka baada ya miaka minne akiwa kamanda. Maine wamejua kuwatafuta Ulaya, akina Blanca Millan wa Hispania na Anne Simon wa Luxembourg, wakakaa na kukomaa pale. Kwa hiyo Aprili na Mei usizime simu. Msimu unaofuata unaanzia hapo, nani kabaki na nani kaaga, na orodha ya waliobaki inakwambia mengi kuliko matokeo ya Novemba.

Sasa binti. Mwambie habari za Cindy Blodgett, wa kijiji cha Clinton hapo hapo Maine, aliyeongoza Marekani nzima kwa kufunga mwaka 1996 na tena 1997 akiwa na jezi ya chuo hicho, akamaliza na pointi 3,005. Hakuwa mrefu wa kutisha. Na kama anapenda kuona sura na majina yanayofanana na ya kwetu, mwonyeshe Madina Okot wa Kenya, aliyetoka Chuo Kikuu cha Zetech akaenda Mississippi State na baadaye South Carolina, au Jane Asinde wa Uganda aliyechezea UTEP kwenye konferensi isiyo kubwa. Njia ipo, ina mashimo, lakini imepitiwa na watu.

Na wiki ya likizo ya Februari, kabla ya Machi haijawaumiza, mpeleke Bangor au Augusta kwenye mashindano ya shule za sekondari. Maine nzima huhamia kule. Vijiji vinabaki vitupu, wazee wanakaa na thermosi za kahawa kuanzia mechi ya asubuhi mpaka ya usiku. Mtoto wa miaka 13 akiwaona wasichana waliomzidi miaka mitatu minne wanashangiliwa na ukumbi mzima, hutahitaji tena kumsukuma mazoezini.

Mkienda Shimoni, fikeni nusu saa kabla na mkae upande wa nyuma ya benchi la wageni, si la Maine. Vachon mtamsikia hata mkiwa ng'ambo, na hapo mtapata makocha wawili kwa tiketi moja. Makoti yawekeni chini ya kiti. Nje baridi inauma masikio, lakini ukumbi ukijaa, robo ya tatu mtakuwa mnajipepea na daftari.